Sau-ngo Apelekwa Kufia Kwao

Homa ilipoingia siku ya tano, Lau Sau-ngo alimsikia mke wa kaka yake akinong'ona uani: "Akifia humu, mkosi utatuandama sisi na watoto."

Hakushangaa. Tangu alipofunga nywele kishungi akiwa na miaka kumi na tisa, akaapa kutoolewa, alijua kwamba kwa mila yao hana ruhusa ya kukata roho chini ya paa la kaka yake. Paa lenyewe alilijenga yeye, kwa miaka thelathini na minane ya kuchovya vidole kwenye maji ya moto kiwandani, akisaka ncha za nyuzi za hariri.

"Wifi," aliita, "mwite Kam-tai. Aje na mtumbwi."

Kam-tai, aliyesokota naye hariri bega kwa bega, alifika akihema. Akamlaza mkekani, akausukuma mtumbwi kwa upondo kati ya mabwawa na mashamba ya miforosadi. Katikati ya njia magugu maji yakaunasa. Kam-tai akajitosa, maji yakamfika kifuani, akawa anavuta huku akitukana. Midomo ya Sau-ngo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Dada, nisemeshe! Usilale!"

"Unavuta kama bibi kizee."

"Si ndiye mimi! Haya, nyamaza, usimalize pumzi."

Walipofika, nyumba ya wazee wanawake wasioolewa, waliyoichangia wafanyakazi wa viwandani na mayaya walioko ng'ambo, ilikuwa imefungwa kwa komeo. Msimamizi, Mak Yuk-lin, alichungulia dirishani.

"Alisema atahamia mwakani. Chumba hakuna. Tukipokea kila anayekata roho, itakuwa nyumba ya maiti hii."

"Fungua, Yuk-lin!" Kam-tai aligonga kwa ngumi mbili. "Anakufa barazani!"

Sau-ngo akajiinua kwa kiwiko. "Yuk-lin. Ulipoungua mkono, nani alisokota fungu lako miezi miwili, msimamizi wa kiwanda asijue?"

Wanawake wengine walikuwa wamejazana nyuma ya Yuk-lin. Kisha komeo likalia.

"Mlazeni kitandani kwangu," Yuk-lin alisema, bila kumtazama mtu usoni. "Mimi nitalala chini. Chemsheni tangawizi, upesi!"

Siku tatu walimlinda kwa zamu. Ya nne akaomba uji wa mchele, akalalamika hauna chumvi.

Aliishi humo miaka sita zaidi. Wifi yake alipokuja na kuku kumsihi arudi kwa kuwa amepona, Sau-ngo alimkaribisha chai, akampokea kuku, akamsindikiza hadi mtoni, mwenyewe akabaki. Alifariki asubuhi moja ya masika, Yuk-lin akimchana nywele.