Mrusha Chusa wa Kilombero

Kwetu sisi tuliozaliwa kando ya mto Kilombero, chusa kilikuwa kwanza chombo cha kutafutia chakula. Baba yangu aliwinda viboko kwa mkuki huo wenye kulabu nchani na kamba ndefu nyuma yake, akiwa amesimama ndani ya mtumbwi unaokwenda. Lakini mavuno yalipoisha na mto ukapungua, watu wa Ifakara na wa ng'ambo, upande wa Lupiro, walikutana kivukoni kushindana. Kibuyu kikavu kiliachiwa juu ya mto, mkondo ukakileta, na mrushaji alitakiwa kukipasua kabla hakijapita mbele ya watazamaji. Kila duru mtumbwi ulisogezwa mbali zaidi, na aliyekosa alitoka.

Mrushaji hashindi peke yake. Nyuma yake husimama mtu wa pondo, anayeusukuma na kuutuliza mtumbwi kwa mti mrefu. Wangu alikuwa mjomba, lakini siku moja ya mashindano aliamka na homa. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nakunja kamba nirudi nyumbani, msichana mmoja wa Lupiro akashuka majini, akaushika ubavu wa mtumbwi wangu.

"Unatafuta mtu wa pondo?" aliniuliza.

"Natafuta mwanamume wa pondo."

"Basi endelea kutafuta. Wenzako wanaanza."

Nilimpa pondo. Sijawahi kusimama kwenye mtumbwi uliotulia namna ile. Ulikwenda kama umewekwa juu ya mkeka. Kibuyu cha kwanza nilikipasua, cha pili nikakipasua, na tulipofika duru ya mwisho moyo wangu ulikuwa unadunda hadi masikioni.

"Subiri," alisema nyuma yangu. Kibuyu kilikuwa kinazunguka kwenye kizingia. "Subiri... sasa."

Chusa kiliingia katikati. Watu wa Lupiro waliruka majini na nguo zao. Kabla mpunga mwingine haujachanua, nilikuwa nimekwenda kwa baba yake na jembe la mahari, na yeye alikuwa mke wangu.

Aliyetutoa bondeni ni tajiri mmoja wa Kilwa, aliyekuwa akija Ifakara kununua mpira wa porini na nta. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kupita mahali watu wanaposhindana bila kusimama. Alitutazama msimu mmoja, kisha akaja nyumbani.

"Nitawalisha na kuwavisha," alisema. "Kila nitakapotua penye mto, ninyi mtashindana na bingwa wa pale. Zawadi ni yenu."

Mama yangu aliuliza ni wapi huko. Tajiri akataja Rufiji, akataja Mbwemkuru, akataja Ruvuma. Mama akamgeukia mke wangu. "Wewe unasemaje, mwanangu?"

"Nataka kuyaona hayo maji, mama," mke wangu alijibu.

Hivyo ndivyo kurusha kulivyokuwa kazi yangu. Tulitembea na msafara, mke wangu amebeba pondo lake begani kwa sababu hakuamini pondo la mtu mwingine. Rufiji ilitutisha kwa upana. Siku ya kwanza nilikosa mara mbili na watu wakatucheka waziwazi. Jioni yake mke wangu aliomba mtumbwi, akazunguka nao peke yake hadi akaujua mto, na siku ya pili tulishinda. Tulipewa kaniki, chumvi, jogoo, hata mbuzi aliyekataa kutembea. Mahali pengine tulishindwa, tukaondoka na heshima tu. Lakini kila nilipopanda mtumbwini na kusikia kelele za watu wa nchi nisiyoijua, mwili ulinisisimka upya, kama siku ile ya kwanza kivukoni.

Ruvuma ndiyo ilikuwa mwisho wa safari zetu, na ndiko nilikorusha vizuri kuliko siku zote. Ng'ambo ilikuwa nchi ya Wareno, na tulivushwa huko kushindana na bingwa wao, bwana mrefu aliyechongwa meno, anayerusha kwa mkono wa kushoto. Alikuja kutupokea, akatupa maji ya kunywa, kisha akacheka na kusema, "Poleni na safari. Mtarudi na huzuni."

Duru baada ya duru, hakuna aliyekosa. Watu walijaa kingo zote mbili. Tulisogezwa hadi mahali ambapo kibuyu kilionekana kama punje. Yeye akarusha, akakikwangua tu, kikaenda zake kizima. Ikawa zamu yetu.

Kibuyu kilipokaribia, maji mbele yangu yalivimba na kiboko akainuka, mgongo wake ukakaa katikati yangu na kibuyu. Nilisikia mtumbwi ukirudi nyuma, taratibu, bila kuyumba.

"Nimeushika," mke wangu alisema. "Rusha juu yake."

Niliona kipande kidogo cha kibuyu nyuma ya ule mgongo mweusi. Nikarusha. Kamba ilipita juu ya kiboko, naye akazama kwa kishindo kilichotulowesha, na maji yalipotulia chusa changu kilikuwa kinaelea na kibuyu nchani. Yule bwana wa mkono wa kushoto aliingia majini hadi kifuani, akaushika mkono wangu na kuuinua. Kisha akaushika wa mke wangu, akauinua juu zaidi.

Tulikuwa bado tunasherehekea kwake wafanyabiashara walipoleta habari kwamba kwetu kuna vita. Watu wamekunywa dawa ya maji, walisema, wamewainukia Wajerumani, na bonde linaungua. Tajiri alikimbilia pwani. Sisi tuligeuka kurudi nyumbani, tukipita porini, tukijificha kila tuliposikia bunduki, na safari ile iliumaliza msimu mzima.

Lupiro tuliikuta majivu. Baba mkwe wangu alikuwa ameuawa vitani. Maghala yalichomwa na askari wa Wajerumani, mitumbwi ikapasuliwa, mikuki ikachukuliwa yote. Kwetu, mama yangu alikuwa hai, lakini alikuwa anachemsha mizizi. Viboko waliongezeka mtoni, na watu walikufa njaa wakiwatazama.

"Nitakwenda Ifakara kwa hao askari, kuomba ruhusa ya kuwinda," nilimwambia mke wangu.

"Tutakwenda wawili. Hawatadhani tumekuja kupigana."

Mkubwa wa askari pale, waliyemwita shaushi, alikigeuza chusa changu mikononi. "Hii ni silaha."

"Ni cha kuwindia kiboko, bwana."

"Siku hizi kila mtu ni mwindaji." Aliagiza kibuyu kiachiwe mtoni na tupewe mtumbwi wa kivuko. "Ukikosa, chusa kinabaki hapa na wewe unabaki nacho."

Mke wangu alikuwa amekonda hadi mishipa ya mikono inahesabika, lakini aliposhika pondo mtumbwi ulitulia. Sikuwa na hofu. Nilijisikia jinsi nilivyojisikia Rufiji na Ruvuma: macho makali, bega jepesi. Kibuyu kilikuja kasi. Nikakipasua vipande viwili.

Shaushi alituonyesha mto kwa kidevu. "Nendeni," alisema.

Siku ya pili yake tulilipata dume kubwa la kiboko karibu na kivuko. Lilituburuta hadi kwenye matete, likakwama juu ya fungu la mchanga, na wanaume waliokuwa hawana nguvu za kusimama walikuja na kuivuta kamba. Watu walikuja hata kutoka kijiji cha Mchombe. Mama yangu alikunywa mchuzi, akalala, akaamka akaomba mwingine.

Shaushi naye alikuja kutaka fungu lake. Mke wangu alimkatia ubavuni. Akala, akafuta mikono, kisha akataka kibuyu kiachiwe mtoni naye ajaribu kurusha. Alipanda mtumbwini, akarusha kwa nguvu zake zote, akakifuata chusa majini kichwa mbele.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha mama mmoja aliyezika watoto wake wote alijifunika mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika, na kicheko kikasambaa kingoni kote. Shaushi aliibuka, akaitafuta kofia yake, akaivaa ikichuruzika maji.

"Leteni kibuyu kingine," alisema.