Penina na Waya wa Pili wa Gerson

Penina wa Kibakwe alizaliwa siku upepo ulipong'oa paa la zahanati ukalitua juu ya zizi la mjomba wake, ng'ombe wakapata kivuli cha bure. Tangu hapo hababaiki na vurugu. Siku hizi anazunguka na pikipiki akitengeneza mitandao ya kompyuta, na mimi, Loisi wa Hombolo, ambaye shule niliiona kwa nje tu, namwombea kila nikinawa kula.

Msimu uliopita zabibu zangu zilinenepa mpaka nyuki walipiga hodi kwanza. Tulizivuna alfajiri, tukazipeleka kwenye chama chetu cha wakulima. Mzani wa ghalani unatuma uzito kwenye kompyuta ya ofisini. Usipofika, dereva wa lori hapakii. Asubuhi hiyo kila kitu kiliganda. Jua linapanda, kreti zinaanza kuchuruzika, na dereva anasema akimaliza chai anaondoka. Jasho langu la mwaka mzima lilikuwa ndani ya kreti zile.

Penina akaitwa, akafika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mengine baadaye, mjukuu wangu, zabibu zinageuka mvinyo bila ruhusa yangu!"

Akafungua kisanduku cha ukutani. Ndani mna swichi, kile kidude kinachogawa mawasiliano, taa zake zikipepesa kama macho yaliyoingia vumbi.

"Nani kaongeza waya huu wa pili wa kwenda ofisini?"

Gerson, mtunza ghala, akakohoa. "Mimi, jana. Ndama mkorofi hufungwa kamba mbili. Panya akila mmoja, tunabaki na mwingine."

"Basi ndama umemnyonga, shemeji!" nikamwambia.

Penina akauchomoa, akaunga kompyuta yake, akaanza kubofya. "Wazo lako zuri, Mzee Gerson. Ila nyaya mbili hizi ni kama zizi lenye milango miwili wazi. Ng'ombe wanatoka huku, wanaingia kule, wanazunguka tu, malishoni hafiki hata mmoja. Swichi hizi zina mpangilio wa kuzuia hilo. Kuna mtu aliuzima."

Akauwasha. Swichi ya ofisini akaifanya kiongozi, nyingine ziifuate. Mlango mmoja utabaki umefungwa, ufunguke ule mwingine ukikwama. Kisha akaurudisha waya wa Gerson mahali pake. Tukapandisha kreti mzanini. Uzito ukafika ofisini, dereva akaacha chai.

Zimebaki kreti zangu za mwisho, mbuzi wa Gerson akatafuna waya wa kwanza! Mzani ukasita kama mtu anayemeza mate, halafu ukaendelea.

"Kamba ya pili hiyo!" Gerson akapiga kelele, akisahau kumfukuza mbuzi.

"Bibi, mshukuru na Mzee Gerson," Penina akasema huku akifunga vifaa vyake.

Nikamshukuru, kwa shida. Penina nilimpa kichala kilichozidi vyote; ilibidi akifunge nyuma ya pikipiki, akakivalisha kofia ya abiria.