Sauti Niliyoizima kwa Redio

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini, na imepita miaka zaidi ya thelathini. Nimesikia umenunua gari. Hongera sana. Nimesikia pia kwamba linagonga upande wa mbele, na wewe unasema utaliangalia ukipata nafasi. Basi keti hapa nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikuwa tukiishi Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwao baba yangu ni Mombasa, lakini reli ilimleta Nairobi akiwa kijana, na tangu hapo akawa anarudi pwani kwa harusi na mazishi tu. Kazi yake ilikuwa kukagua magurudumu ya mabehewa. Treni ikisimama, alitembea kando yake na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima lililia kama kengele. Lenye ufa lilitoa sauti butu, na baba akiisikia sauti hiyo behewa lilifunguliwa na kuachwa, hata kama abiria walikuwa wamekwisha kaa.

Mimi nilikuwa na gari dogo la abiria, kuukuu, nikipeleka watoto wa chekechea Buruburu kila asubuhi. Mtaani kwetu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha gari la kazi. Wanaume walikuwa wakinitazama nikilirudisha nyuma kwenye vichochoro vile vyembamba, wakingoja nikwaruze ukuta. Sikukwaruza. Nikavimba kichwa, mwanangu, sikufichi.

Wakati fulani gurudumu la mbele la kushoto likaanza kugonga, ko, ko, ko, kila nilipopita kwenye tuta. Nikalipeleka Eastleigh kwa fundi wangu, Kassim, aliyekuwa na gereji ya mabati nyuma ya maduka. Akaliinua kwa jeki, akashika tairi kwa juu na kwa chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu.

"Rehema, bol-jointi imeisha," akasema, akinionyesha kile kiungo cha chuma kinachoshikilia gurudumu. Mpira wake ulikuwa umepasuka na grisi yote imetoka. "Hii ikiachia, tairi inalala chini. Usitoke na gari. Iache hapa, kesho jioni utaichukua."

"Na watoto kesho waende shule na nini?"

"Waende na miguu siku moja. Kwani watakufa?"

Nikacheka. Nilijiona najua zaidi yake. Nikamwambia nitarudi Jumamosi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikitoka nyumbani, na baba alikuwa amekaa mlangoni na kikombe chake cha chai. Wakati huo alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu. Gari lilipopanda ukingo wa barabara likagonga mara mbili. Akaweka kikombe chini, akaja hadi dirishani.

"Rehema, zima gari."

"Nimechelewa, baba."

"Gurudumu hilo lina kasoro. Nalisikia."

Nikamjibu maneno ambayo nikiyakumbuka bado naona haya. "Baba, hili si treni."

Hakunigombeza. Akasogea pembeni nipite. Nami nilipofika barabarani nikafungua redio, nikaongeza sauti mpaka kule kugonga kwa gurudumu kusisikike. Elewa hapo, mwanangu. Si kwamba sikusikia. Nilisikia, nikachagua kutosikia.

Nilichukua watoto sita. Mdogo wao alikuwa Salma, wa miaka minne, aliyekuwa akikaa nyuma yangu na kunishika bega. Nikaingia Jogoo Road, nikaenda vizuri, nikakata kona kuingia Buruburu. Kwenye kona hiyo palikuwa na Mama Wanjiru, aliyeuza uji kwa wafanyakazi wanaowahi kazini. Nilipogusa shimo dogo tu, usukani ukawa mwepesi mikononi kama umekatika. Gurudumu lilikuwa limelala. Gari likavuta kushoto. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, lakini likaserereka, chuma kikisaga lami, mpaka likaingia kwenye meza ya uji.

Watoto walikuwa wakilia, na mtoto anayelia ni mzima. Salma alikuwa amepasuka mdomo. Lakini Mama Wanjiru alikuwa chini, uji umemwagika kando yake, na mguu wake umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Watoto wako sawa?" Swali hilo liliniumiza kuliko matusi yote niliyotukanwa na watu pale.

Baba alinikuta hospitali, nimekaa kwenye benchi, siwezi hata kulia. Akakaa kando yangu. Nilingoja aniambie, si nilikwambia? Hakusema hivyo.

"Mimi nimesimamisha treni nyingi," akasema. "Mkuu wa stesheni ananuna, abiria wananitusi, wengine wananiita mchawi wa safari zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunishukuru, kwa sababu ajali niliyoizuia hakuna aliyeiona. Kazi hii haina makofi, Rehema. Kama unataka kubeba watoto wa watu, ukubali kuchukiwa kidogo."

Maneno hayo yaliniingia. Kesho yake nikaenda kwa wazazi wa wale watoto, nyumba kwa nyumba, nikawaambia ukweli: fundi alinionya, baba alinionya, nikapuuza. Mama yake Salma alinifungia mlango usoni. Alikuwa na haki.

Kisha nikaenda kwa Mama Wanjiru na kumwambia kwamba meza yake haitalala. Miezi mitatu, mwanangu, alfajiri nilipika uji kama alivyonielekeza kutoka kitandani kwake, nikasimama kwenye kona ileile mbele ya watu walewale walioniona nikimwangusha. Siku za kwanza wengine walikataa kununua. Nilisimama. Wiki ya pili wakaanza kuja, na Mama Wanjiru alipopona alirudi akitembea kwa fimbo, akaonja uji wangu, akasema, "Bado unaweka sukari nyingi." Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Mchana nilikuwa kwa Kassim. Nilimwambia sitaki anitengenezee, nataka anifundishe. Akanitupia ovaroli na kipande cha katoni cha kulalia. Chini ya gari nikajifunza kwamba gari husema mapema kabla halijaharibika. Tairi linaloisha upande mmoja linakwambia kuna kitu kimelegea. Breki zikipiga mluzi, zinakuomba uziangalie kabla hazijaanza kusaga chuma. Mkanda wa injini huonyesha nyufa ndogo kabla haujakatika, na rejeta inayotaka maji kila siku inavuja mahali, hata kama chini pamekauka.

Gari lilipotengenezwa, nilirudi barabarani. Mama yake Salma alikuwa wa mwisho kunirudishia mtoto, lakini alimrudisha. Mwaka uliofuata, tukiwa tayari kwenda matembezi ya shule na watoto wamekwisha panda, nikaona mafuta ya breki yamelowesha gurudumu la nyuma kwa ndani. Nikawateremsha wote. Baba mmoja alikuja juu kweli: "Unatuharibia siku kwa tone la mafuta?" Nikamwambia, "Hatuondoki." Watoto walilia, wazazi wakanung'unika, safari ikavunjika. Hakuna aliyeniambia asante, na nililala usingizi mzuri.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, na nakuomba kwa nguvu. Kesho usiliwashe gari hilo ila kulipeleka kwa fundi, na kama gurudumu linacheza, mwite fundi aje lilipo. Baada ya hapo, kila wiki, inama na kulitazama mwenyewe: matairi, maji, oili, mafuta ya breki. Likitoa sauti ngeni, zima redio na usikilize. Fundi mwaminifu akikwambia usitoke nalo, usitoke. Watu watakuuliza kwa nini umechelewa. Wajibu, waombe radhi, waache wanune.

Mola akulinde barabarani, akupe sikio la kusikia na moyo wa kukubali unachosikia. Kila unayempakia umfikishe, na kila unayempita njiani umwache amesimama kwa miguu yake miwili.