Taarifa ya Bi Sabra

Wifi yangu Najat ni fundi cherehani hapa Makorora, na hatulii. Mguu mmoja uko kwenye pedeli, mwingine uko tayari kuondoka. Ndiyo maana tulimfanya katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Mtu akifiwa, hujamaliza kusema innalillahi, Najat keshapigia simu mtaa mzima.

Basi ikaja kampuni na programu ya simu ya kutangazia misiba. Bado inajaribiwa, wakasema, na chama chetu ndicho kimechaguliwa kuijaribu. Wakamtuma msichana wao, Brightness, mpole, shikamoo haimkauki mdomoni. Akatuomba kila kasoro tutakayoiona tuiseme bila kuona haya. Najat akalichukua neno lile kama kiapo.

Kasoro aliiona siku ile ile. Taarifa ukiiandika haiendi moja kwa moja kwa wanachama. Inakaa kwanza, mpaka mtu wa ofisini kwao aihakiki. Eti wanaogopa watu kuzushiana vifo. Haya, hilo naelewa. Lakini jamani, mtu akifa alfajiri, hiyo ofisi inafunguliwa saa ngapi? Najat akawaandikia: "Huku kwetu anayefariki alfajiri, adhuhuri tunamzika. Mkiizuia taarifa mtatuletea habari ya kaburi." Wakamjibu: "Asante kwa maoni yako. Tunayathamini sana." Akaandika tena. Asante. Akampigia Brightness, naye akasema, "Dada Najat, nimeyafikisha, ila hata mimi hawanisikilizi." Halafu likaja toleo jipya. Rangi ya kijani imekuwa zambarau. Zambarau! Nilitukana, Mungu anisamehe.

Na Mzee Hatibu, mwenyekiti wetu, kwa kupenda vipya, akalifunga kundi letu la wasapu ili tusichanganye mambo. Tukampigia kelele, wapi!

Kilichomkosesha Najat raha ni Bi Sabra wa Tongoni. Huyo ndiye somo yake, aliyemfunda alipovunja ungo, na sasa alikuwa mgonjwa wa kitandani. Alimwomba Najat jambo moja tu: akifa, amwoshe yeye. Bi Sabra aliungua kifuani utotoni, vibaya, na ukubwani mwake hakuna aliyeuona mwili ule isipokuwa marehemu mumewe na Najat. "Sitaki kusemwa nikiwa sina mdomo wa kujibu," alimwambia. Najat akampa ahadi.

Toka hapo akawa kama mtu mwenye siafu mwilini. Anashona gauni, mkono mmoja haujaisha, keshaishika simu. Anapiga Tongoni asubuhi, anapiga jioni. Luqmani, mjukuu wa Bi Sabra na mwanachama mwenzetu, akamwambia, "Shangazi, usijisumbue. Likitokea lolote nitaliweka kwenye programu, mtapata wote."

"Nipigie, Luqmani. Hiyo programu achana nayo, nipigie mimi."

"Sawa, shangazi."

Juzi Alhamisi nikamkuta anazunguka uani, kitambaa cha watu kimeanguka chini wala hana habari. Tongoni simu inaita, haipokelewi. Anapiga, inaita. "Wifi, roho yangu haiko hapa," akasema. "Vaa buibui lako, twende."

Tukachukua bajaji. Hatujafika nusu ya njia simu yake ikalia. Taarifa ya msiba, rangi ya zambarau, imehakikiwa: Bi Sabra amefariki alfajiri ya leo. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Najat hakulia. Alimpigapiga dereva begani, "Kimbiza, baba, kimbiza," mpaka nikamshika mkono.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi makaburini, miguu ina udongo. Luqmani akatujia, macho mekundu. "Shangazi, niliiweka alfajiri ile ile. Ikaniandikia imepokelewa. Na mimi nilivyochanganyikiwa, nikajua uko njiani. Tukakungoja, tukakungoja, mpaka wakubwa wakasema basi."

"Nani kamwosha?"

"Majirani. Waliokuwepo."

Tukaingia ndani. Wanawake wamejaa mikekani, na tulipotoa salamu wakanyamaza ghafla, ule unyamavu wa watu waliokuwa na maneno. Bi Asmahani wa nyumba ya pili akasogea kutupa nafasi. Si mtu mbaya, ila mdomo haumkai. "Pole, mwanangu," akamwambia Najat. "Kumbe Bi Sabra alikuwa na makovu yale? Masikini! Na sisi miaka yote tulidhani anaringa, haogi na wenziwe, hajifungui hata khanga mbele ya mtu."

Najat alikuwa bado amesimama.

"Hakuwa na kovu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. "Mmenisikia? Mimi ndiye namjua. Bi Sabra hakuwa na kovu hata moja."

Waliomwosha walikuwa wamekaa pale pale mbele yake. Wakainama, na hakuna aliyembishia.