Gervasi, Dereva Aliyepanda Kalinzi Kinyumenyume

Hapa Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, ukimwulizia Gervasi Kabwigwa wa mbio za magari, hata muuza vocha atakuelekeza hadi mlangoni kwake. Mimi nilihamia hapa kufundisha sekondari, nikapanga nyumba ya tatu kutoka kwao, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuamini kwamba mzee yule mwembamba, anayevaa sweta hata jua likiwaka, aliwahi kuwa dereva wa mashindano. Habari zake nimezipata kwake mwenyewe, na kwa mkewe Leonia, ambaye humsahihisha kila baada ya maneno mawili matatu.

Alianza na baiskeli. Akiwa na miaka kumi na minane alibeba mawese kutoka Mwandiga hadi Ujiji, madumu manne nyuma na jingine limefungwa kwenye fremu. Penye mlima wenzake walishuka wakasukuma, yeye alikanyaga. Mawese yale yalipokelewa na Bi Shadia, mama wa Ujiji aliyekuwa akitengeneza sabuni, na Bi Shadia akaona kwamba kijana huyu anafika kabla ya wote na madumu yake hayajavuja hata tone. Siku moja akamwita.

"Gari unalijua?"

"Silijui, mama. Ila nalipenda."

"Basi dereva wangu atakufundisha. Ukigonga kuku wa mtu, unarudi kwenye baiskeli yako."

Hakugonga kuku. Aliendesha pikapu ya kijani ya Bi Shadia miaka minane, na ilifika mahali akawa anajua kwa mlio tu ni nati ipi imelegea.

Mwaka 1988 wenye magari wa Kigoma walikuwa wamechoshana kwa kubishana ni gari la nani lenye nguvu. Wakaamua kumaliza maneno kwa mashindano, kutoka Mwandiga hadi Manyovu na kurudi, barabara ya udongo mwanzo mwisho, kupitia milima ya Kalinzi. Yakaandikishwa magari saba, pikapu ya Bi Shadia ikiwamo, na dereva wake Gervasi. Sharti lilikuwa kila dereva awe na mtu wa kukaa pembeni na kumtajia kona. Gervasi akakosa mtu. Rafiki zake waliujua mguu wake ulivyo mzito kwenye mafuta, na kila aliyeombwa alisema ana watoto wadogo.

Leonia wakati huo alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, anauza maharage. Kila wiki alipanda juu ya magunia kwenye malori ya Manyovu, akaenda na kurudi. Gervasi alimjua kwa sura tu, mpaka jioni moja binti huyo alipomfuata, akamkuta anaosha pikapu.

"Mwakeye," Leonia akamsalimia kwa Kiha, salamu ya asubuhi.

"Jioni hii?"

"Wewe itikia tu. Nasikia unatafuta mtu."

"Natafuta mwanaume. Kule kuna kutapika."

"Kutoka hapa hadi Manyovu kuna kona mia moja arobaini na mbili," Leonia akasema. "Wewe unazijua ngapi?"

Gervasi akamwambia aje. Hata leo akifika hapo kwenye kusimulia hucheka peke yake.

Siku ya mashindano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walikwenda vizuri. Leonia alitaja kona kwa sauti ya mtu anayeita wateja, naye Gervasi alikata usukani kabla hata hajaiona njia, na Manyovu wakafika wa pili. Balaa lilikuja wakati wa kurudi. Chini ya mlima mmoja mkali pale Kalinzi, kitu kikalia ndani ya giaboksi, na tangu hapo gia ya kwanza na ya pili zikagoma kuingia. Ya tatu haikuweza ule mlima. Gari lilisogea mita chache kwenye tope, likazima. Akawasha, likazima tena.

Gervasi akaweka paji la uso kwenye usukani. Anasema alikaribia kulia, na Leonia anasema alilia.

"Rivasi inaingia?" Leonia akauliza.

"Inaingia."

"Ina nguvu?"

"Kama ya kwanza."

"Basi geuza gari."

Aligeuza. Leonia akapiga magoti kwenye kiti, kifua kimeelekea nyuma, kichwa nje ya dirisha, mvua inampiga, na wakaanza kuupanda mlima wa Kalinzi kinyumenyume. "Kulia kidogo. Kulia! Kushoto sasa. Hapo hapo, usiguse!" Watu wakatoka kwenye mashamba ya kahawa kuja kuona. Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba. Gari moja likawapita, dereva wake anacheka mpaka akakaribia kuingia mtaroni. Mara mbili walisimama klachi ipoe, na mara zote mbili vijana wa shambani waliweka mawe kwenye matairi bila kuombwa. Walipofika juu, Gervasi akageuza tena gari, akaweka gia ya tatu, na sehemu kubwa ya njia iliyobaki ilikuwa mteremko.

Katika magari saba yalirudi manne, na wao walikuwa wa tatu. Bi Shadia alikuwa akingoja kwenye mstari, mikono kiunoni. Alisikiliza giaboksi ile ikikoroma, akauliza, "Gia zangu ziko wapi?"

"Zimebaki Kalinzi, mama."

Bi Shadia alicheka hadi akakaa chini kwenye bampa.

Mwaka uliofuata Gervasi na Leonia wakafunga ndoa. Gervasi husema alimwoa kwa sababu ya zile kona. Leonia husema alikubali kwa sababu huyu alikuwa mwanaume wa kwanza kuambiwa naye "kushoto" akaenda kushoto.

Wakashindana pamoja Tabora, Kahama na Bukoba. Mara mbili walishinda. Mwaka 1992 Leonia alikuwa na mimba ya mtoto wao wa pili, mdogo wake Yona, imekaribia, hivyo katika mashindano ya njia ya Uvinza kiti chake kikachukuliwa na rafiki yao Wilfred. Kona moja Wilfred alifumba macho. Watu wengi walimlaumu yeye, lakini Gervasi hakubali neno hilo lisemwe mbele yake. "Mguu ulikuwa wangu," husema. Gari lilibiringika mara tatu. Wilfred alipoteza meno mawili. Gervasi alivunjika mguu mahali pawili, akalazwa miezi mitatu.

Leonia alikwenda kumwona na kichanga cha siku tisa mgongoni. Hakugomba. Alimlaza mtoto kifuani kwa baba yake, akauliza, "Mguu utapona?"

"Utapona, ila utakuwa mfupi."

"Kiasi gani?"

"Kama inchi moja."

"Sawa. Utatembea polepole, mimi nitakungoja."

Hakushindana tena. Hakuna aliyemkataza. Aliniambia kwamba kwa miaka miwili kila aliposikia injini ikivutwa kwa nguvu barabarani alikuwa akitoka nje kuangalia, kisha anarudi ndani. Baadaye akafungua gereji ndogo. Walipata kigari cha mzigo, wakawa wanachukua dagaa Katonga, kando ya ziwa, na kuwauza hapa Mwandiga.

Mwaka juzi macho yakaanza kumsaliti. Alificha miezi mingi, mpaka siku alipolipita geti la nyumba yake mwenyewe. Daktari akasema ni presha ya macho, asishike usukani tena. Alikaa kitandani siku nzima, na mimi nilipopita kumjulia hali aligeukia ukutani.

Leonia, mwenye miaka hamsini na tisa, akatangaza kwamba atajifunza yeye. Gervasi akamfundisha kwa siku moja tu. Kabla ya saa sita walikuwa wameshagombana, naye akashuka garini akarudi nyumbani kwa miguu, akichechemea. Kesho yake Leonia akaenda kujiandikisha shule ya udereva mjini, kwa mwalimu Sia, dada wa Moshi mwenye uvumilivu mwingi. Wiki tano. Mtihani wa kwanza aliangusha vigingi. Wa pili akapita.

Jumamosi moja walinipa lifti hadi Katonga. Leonia aliendesha ameshika usukani kwa mikono yote miwili, taratibu kabisa, na Gervasi pembeni anakanyaga sakafu kama vile kuna breki.

"Mama Yona, hata bajaji imetupita."

"Ipite. Mie sina haraka nayo."

Tuliposhuka mteremko wa kuingia ufukweni, Gervasi alitega sikio. Gari liliposimama kati ya matenga ya dagaa, mzee akanigeukia, akanong'ona, "Umesikia alivyobadilisha gia pale mteremkoni?"

"Sikusikia kitu, mzee."

"Ndiyo nasema. Hata mimi sikusikia."

"Mwambie mwenyewe."

Akashuka, akalizunguka gari huku akilishikashika, akamfungulia mkewe mlango, akamwambia kwamba gia yake haikusikika hata kidogo. Leonia alikuwa ameshaanza kuwaita wabeba matenga.