Muuza karanga wa Kilosa aliyekataa kuchana vitabu

Basi la kwanza la Mikumi linanguruma katika stendi ya Kilosa, na konda ameshaanza kupiga bodi makofi. Kijana mmoja mwenye begi mgongoni anainama mbele ya jiko la mkaa la Katarina Lupakisyo.

"Karanga za mia tano, mama."

Katarina anachota kwa kikombe cha plastiki. "Kinga mkono."

"Karatasi je?"

"Sina karatasi."

Kijana anatazama nyuma ya kigoda chake, ambako gunia la vitabu limeegemezwa kwenye nguzo. "Na hizo ni nini?"

"Hivyo ni vitabu."

"Si karatasi hizo hizo?"

"Na wewe una nyama mwilini," Katarina anamjibu, "lakini mbona sikuiti nyama? Kinga mkono, gari linakuacha."

Konda anacheka kwa sauti. "Panda twende, mdogo wangu! Mama huyo siku hizi ana hasira, atakukaanga na wewe."

Kijana anamimina karanga za moto kwenye mfuko wa shati, anaruka kidogo zinapomchoma, na kupanda huku akilalamika. Wateja wawili waliokuwa nyuma yake hawasubiri. Wanavuka upande wa pili wa stendi, kwa akina mama wanaofunga karanga zao vizuri katika kurasa zilizosokotwa kama pembe.

Katarina anawaangalia wakienda. Anageuza karanga zake.

Mama huyu wa miaka arobaini na saba amekaanga karanga mjini Kilosa tangu alipokuwa msichana. Zamani aliuza kwenye reli, akipitisha mkono madirishani treni iliposimama. Treni mpya inapita na madirisha yake hayafunguki, kwa hiyo alihamia stendi. Kwa siku njema alikuwa akirudi nyumbani na shilingi elfu kumi na mbili. Tangu akatae kuchana vitabu, anasema, elfu saba ni bahati.

Vitabu vilivyomo katika gunia hilo ni vya chumba cha kusomea cha mtaani kwake. Chumba kilifungwa mwaka jana kwa maelezo kwamba kinafanyiwa ukarabati. Miezi michache iliyopita vitabu viliuzwa kwa kilo, kama vyuma chakavu, kwa mfanyabiashara anayewauzia akina mama karatasi za kufungia. Katarina alinunua gunia lake bila kujua. Sasa anataka virudi kwenye rafu zake, chumba kifunguliwe, na aliyeviuza asimame mbele ya watu aseme kwa nini.

"Mimi si mtu wa kelele," anasema, akigeuza karanga kwa mwiko. "Waulize hapa. Lakini hili limenikaa kooni."

Alizaliwa Kimamba, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Babu yake alitoka Rungwe kuja kukata mkonge na hakurudi kwao. Katarina alisoma mpaka kidato cha pili. Baba yake alipougua miguu, masomo yakaishia hapo. Vitabu alikutana navyo tena sokoni, ndani ya mafungu ya karatasi za kufungia. Hapo akajiwekea sheria ambayo wenzake wanamtania kwayo hadi leo: hachani kitabu kabla ya kukisoma mpaka mwisho.

"Siwezi kuchana kitu ambacho sijui kinasema nini," anaeleza. "Huenda kinanisema mimi."

Hadithi za kubuni hazimvutii sana. Anapenda vitabu vya historia, vya siasa na vya safari, na anavisoma kama mtu anayesikiliza mashahidi kwenye baraza la usuluhishi: kila mmoja anamwacha aseme, kisha anamgeukia.

Vya siasa vinamkera kuliko vyote. Anasimulia kitabu kimoja cha kiongozi mstaafu, ambaye jina lake hataki kulitaja kwa sababu "bado ana watoto mjini." Kurasa nyingi ni za semina na safari za ndege. Mapigano ya wakulima na wafugaji yamepewa aya moja tu, na ndani ya aya hiyo yameitwa changamoto.

"Changamoto!" Katarina anasimamisha mwiko. "Mahindi yangu yaliliwa yote mwaka ule, nikalala njaa na mtoto. Kaka wa rafiki yangu alizikwa. Yeye anaita changamoto. Wakiwa na cheo hawasemi, wakishastaafu ndio wanaandika, na hata wakiandika wanakanyaga kwa vidole."

Lekishon, mfugaji anayekuja mjini siku za mnada, alikuwa ameketi kwenye tofali karibu naye asubuhi hiyo, fimbo ikiwa magotini. Ni mteja wa miaka mingi. Katarina alimsomea aya ile siku moja, nusu kwa uchokozi, akitaka kuona atasema nini.

"Nilimwuliza, ng'ombe wetu waliokamatwa wameandikwa?" Lekishon anakumbuka. "Akasema hapana. Nikamwuliza, na mahindi yako? Akasema hapana. Nikamwambia, basi dada, mimi na wewe leo tuko upande mmoja."

"Lakini mahindi yangu hujayalipa," Katarina anamrukia.

"Hayakuliwa na ng'ombe wangu!"

"Ng'ombe wote mnawapaka alama, ila siku ya mahindi hakuna mwenye ng'ombe."

Lekishon anacheka hadi anafuta macho. Kisha anaelekeza fimbo kwenye gunia la vitabu. "Sisi kwenye vitabu tupo kwenye picha tu. Ukifungua, unaona Mmasai amesimama. Maneno yote ni ya aliyepiga picha."

Vitabu vya safari Katarina huvipata kwa mdogo wake, Angela, anayesafisha vyumba katika nyumba ya wageni Mikumi. Watalii huviacha chini ya vitanda, na Angela humtumia dada yake kwa mkono wa konda. Vingi ni vya Kiingereza. Binti yake Katarina, Lilian, aliye kidato cha nne, humsaidia pale maneno yanapokuwa magumu.

Kimoja kilimuudhi hadi akakirudisha Mikumi kwa basi la siku hiyo hiyo. Mwandishi wake alikaa porini majuma kadhaa. Alimweleza tembo mmoja kwa upendo, jike mzee mwenye pembe iliyovunjika, na akampa jina. Kulikuwa pia na mtu aliyempikia, akambebea maji, na usiku mmoja akamkanda kifua alipopata homa.

"Lilian alinitafsiria mpaka mwisho, nikawa nangoja," anasema Katarina. "Nikasema ukurasa ujao atamtaja. Kitabu kikaisha. Tembo ana jina, mpishi ni mpishi. Angela amefua mashuka ya watu kama hao miaka yote. Nikamwambia, wewe mdogo wangu, kitabuni wewe ni shuka safi."

Angela, alipoulizwa kwa simu, alisema kitabu hicho bado anacho, na mguu mfupi wa kabati umekilalia.

Hata hivyo Katarina hakubali kwamba vitabu hivyo havifai. Anakasirika zaidi mtu anaposema hivyo. "Ukigombana na mtu, ina maana mnaongea," anasema. "Usiposoma, wanaendelea kusema peke yao."

Kilichomo katika gunia alikitambua polepole. Kitabu cha juu hakikuwa na jalada. Kilihusu mgomo wa wafanyakazi katika shamba moja la mkonge, zamani za wakoloni. Alikisoma kwa siku chache, na kwa kuwa sheria yake ilikuwa imetimia, akakichana kama kawaida. Kurasa zikaondoka na karanga: Mikumi, Morogoro, Dumila, popote mabasi yanapokwenda.

Kisha Samsoni, dereva wa bodaboda, akarudi na karatasi yake. Alikuwa amemaliza karanga, akalainisha ukurasa juu ya tangi la pikipiki na kuusoma akingoja abiria.

"Mama, hapa wamekataa kuingia shambani, wamekaa chini, mzungu amekuja na askari," alisema. "Halafu? Lete ukurasa wa pili."

"Umeenda na basi."

"Sasa mimi nitajuaje kama walishinda?"

Katarina akamsimulia huku akipima karanga. Madereva wenzake wakasogea. Mmoja akabisha kwamba hakuna watu wanaoweza kugoma bila chama. Mwingine akasema babu yake mwenyewe alikuwepo shambani. Wa tatu akataka kujua kama waliongezwa mshahara au ni maneno tu. Abiria wakaita pikipiki na hakuna aliyegeuka.

"Siku ile niliumia," anasema Katarina. "Watu walitaka kujua habari za babu zao, na mimi nilikuwa nimeshazifungia karanga."

Jioni hiyo alifungua kitabu cha pili na kukuta doa la mafuta ya karanga pembeni mwa ukurasa, na chembe za chumvi zilizoganda kwenye mshono. Doa lilikuwa lake. Alikuwa amekiazima kwenye chumba cha kusomea miaka miwili nyuma, na mlezi wa chumba, bibi Hildegarda, alimgombeza sana kwa kukichafua. Akavimwaga vyote sakafuni. Vitatu zaidi alivitambua. Havikutoka mbali, vilitoka mtaa wake, katika chumba alichoambiwa kinakarabatiwa.

Kesho yake hakuwasha jiko. Alikwenda ofisi ya mtaa.

Kiongozi aliyemkuta ni kijana kuliko yeye. Alizungumza na gazeti hili kwa sharti la kutotajwa jina, na maelezo yake hayatofautiani na ya Katarina. Alisimama akamwamkia, "Shikamoo, mama Lilian."

"Marahaba. Vitabu ameuza nani?"

"Kamati, mama. Vilikuwa vimechakaa."

"Hata mimi nimechakaa. Mbona hamjaniuza?"

Kiongozi anasema alicheka, kisha akaona kwamba mgeni wake hacheki. Akamweleza kwamba paa linavuja, kwamba wasomaji walikuwa wachache, na kwamba chumba sasa kinatunza viti vya mikutano. Kamati ilipokaa, ilibakiza vitabu vya kilimo, ufugaji wa kuku na ujasiriamali, kwa sababu ndivyo vinavyomsaidia mwananchi. Vya historia, siasa na safari za watu vilionekana kujaza nafasi.

Katarina anaporudia maneno hayo, chumvi anayotia inamwagika nje ya sufuria.

"Nani aliwaambia kwamba maskini anahitaji kusoma habari za kuku tu?" anauliza. "Nimefuga kuku tangu nikiwa mtoto, kuku ninawajua. Nisichokijua ni nani aliamua babu yangu alipwe kile alicholipwa. Nisichokijua ni kwa nini shamba lilipouzwa sisi tuliokaa pale hatukuulizwa. Hayo ndiyo waliyoyauza kwa kilo, wakaniachia kuku."

Kiongozi yule anakiri kwamba swali hilo ni la haki. "Lakini naye aelewe," anasema. "Chumba kikiwa kitupu, watu wanauliza kwa nini hatuweki viti. Wale wanaosoma hawaji kwenye mikutano. Wangekuja, kamati ingejua wapo."

Bibi Hildegarda, aliyetunza ufunguo kwa muda mrefu bila malipo, anasema siku ya kuuza vitabu hakuitwa. Sasa macho yake yanamsumbua, lakini anakumbuka rafu kwa mkono: historia dirishani, safari chini yake, siasa karibu na mlango "ili wakitaka kugombana watokee nje."

Kwa sasa vitabu viko nyumbani kwa Katarina, na hapo pia havina usalama. Mchwa wameshapanda ukuta wa chumba cha nyuma. Mvua zikianza, maji huingia uani. Ndiyo maana kila asubuhi hulibeba gunia hadi stendi na jioni kulirudisha, ingawa mgongo unamuuma. Amewaomba wenzake wasichane vya kwao. Teresia, anayeuza upande wa pili, alimpa vitatu, akabakiza vingine. "Watoto wangu hawali historia, dada," alimwambia. Katarina anasema hakumlaumu.

Kilichobadilika ni wateja. Hawaongezeki, ila baadhi hawaondoki. Samsoni na wenzake huazima kitabu kimoja na kukisoma kwa zamu wakisubiri abiria, na anayekishika anawajibu wengine maswali. Shamimu, mshona nguo wa jirani, amechukua cha safari na anakisoma huku akikitukana kwa sauti. Lekishon, asiyejua kusoma, huja siku za mnada kusomewa na kubisha.

Mkutano wa mtaa unafanyika Jumamosi. Katarina hajawahi kusimama katika mkutano wowote. Anasema hata kipaza sauti hajawahi kukishika. Lakini amewaambia madereva waegeshe pikipiki na wakae mbele, amemwambia Shamimu afunge cherehani, na bibi Hildegarda atashikwa mkono hadi mkutanoni.

Samsoni amempa ushauri wake. "Mama, siku hiyo uwe mpole. Waombe vizuri ufunguo, watakupa. Hasira inaharibu."

Katarina anainua sufuria motoni na kuiweka chini.

"Sitaomba," anasema. "Mtu huomba kitu cha mwenzake."