Ripoti ya Ubao Ambao Haukuwepo

Jamani, mimi nimekaguliwa nikifundisha ubaoni siku ambayo darasa langu halikuwa na ubao.

Msicheke. Hasira hazijanitoka hadi leo.

Nilikuwa mwalimu mpya wa hesabu, darasa la tano. Ilibaki ripoti moja nzuri ya mkaguzi ili nithibitishwe kazini. Ikiwa mbaya, naongezewa mwaka mzima wa majaribio.

Siku ya ukaguzi, mafundi walikuwa wameng'oa ubao ili wapake ukuta rangi. Nikawapeleka watoto uwanjani na kamba, tukapima mzingo wa uwanja. Kengele ililia hawataki kuondoka.

Mkaguzi sikumwona. Alikuwa ofisi ya walimu, kikombe cha pili cha chai.

Saa sita naitwa nisaini. Nasoma: "Mwandiko wa ubaoni hausomeki. Amewapa wanafunzi mgongo kipindi kizima."

"Mzee, ubao gani?"

Hata hakuinua macho. "Walimu wapya wote mna shida hiyo. Saini bwana, nina shule nyingine mbili."

Mtu kakaa kitini anachezea riziki yangu, halafu ananiharakisha.

Nikaichukua ile karatasi hadi kwa mwalimu mkuu, mama ninayemheshimu sana. Nilijua huyu atanitetea.

Akasoma, akakunja uso. Kisha akanionyesha sahihi yake pale chini. Alishashuhudia kwamba naye alikuwepo darasani.

"Mwanangu, usinitie matatani," akasema. "Kesho ubao unarudi. Fundisha tena, mkaguzi atapita dakika tano. Andika ovyo ovyo kidogo, ripoti iwe kweli."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, kwa upole uleule.

Yaani niharibu somo langu mwenyewe, mbele ya watoto wangu, ili uongo wao usimame!

Nikachukua kalamu. Kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu nikaandika: "Somo lilikuwa uwanjani. Mkaguzi na mwalimu mkuu hawakuwepo." Nikasaini.

Sikuthibitishwa. Mkaguzi bado anazunguka na mkoba wake, na yule mama siku hizi ananiitikia salamu kwa kichwa tu.

Wewe unayekagua wenzako, usidhani tunaogopa kukosolewa. Nipe hata sifuri. Ila njoo kwanza ukae pale nyuma na watoto, uione kwa macho yako.